Mafunzo ya Afya ya Akili Yanayolipiwa na Mfadhili: Tuchague kwa Macho ya Mgonjwa

Hotuba kwa viongozi wa walei, Kidahwe



Tumewaita leo kwa ajili ya jambo moja. Mfadhili amekubali kulipia mafunzo ya awali kuhusu afya ya akili kwa watu 20 kutoka katika vigango vyetu. Hakutuchagulia mafunzo hayo. Ameweka mbele yetu mapendekezo mawili, naye ametutaka tumjibu ni lipi tunalolihitaji, kwa kuwa hawezi kulipia yote mawili. Sisi wa Tume tumeyasoma na kuyajadili, wala hatukukubaliana upesi. Ndiyo maana tumeona ni haki nanyi mjue yanayobishaniwa kabla ya jibu kutolewa kwa jina lenu.

Pendekezo la kwanza ni semina ya siku 2 mjini Kigoma, katika ukumbi wa kukodi. Kila mshiriki atapewa nauli, malazi na posho, na mwishoni atatunukiwa cheti. Pendekezo la pili ni mafunzo ya Jumamosi 6, hapa hapa Kidahwe. Posho haipo, wala cheti hakipo. Kuna chakula cha mchana, na nauli kwa wale watokao mbali. Lakini mwezeshaji wake, ambaye ni muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili, atarudi kwetu mara moja kila mwezi kwa muda wa miezi 6, ili kuona tuliyojifunza yamefikia wapi.

Kwa mtazamo wa haraka, la kwanza linavutia. Sisi wenyewe tulivutwa nalo. Lakini kabla ya kuyapima mapendekezo haya hatuna budi kuungama kosa letu.

Swali la mama mmoja

Miaka michache iliyopita tulihudhuria semina inayofanana na hiyo ya kwanza. Mada zilionyeshwa ukutani kwa Kiingereza, zikafasiriwa harakaharaka, nasi tukaandika majina ya magonjwa katika madaftari yetu. Tulirudi nyumbani na bidii kubwa na maarifa madogo. Mjane mmoja aliyekuwa bado akimlilia mumewe tulimwambia mbele ya wenzake kwamba ana ugonjwa wa sonona. Alikuwa na huzuni ya mfiwa, na hiyo si ugonjwa. Tangu siku ile aliacha kuja katika jumuiya.

Kisha tulikwenda katika nyumba ambamo kijana alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya banda la uani. Tulikwenda kundi zima, na daftari mkononi. Mama yake alitupokea kwa heshima, akatupa viti. Tulimweleza kwamba kumfunga mtu ni kumvunjia haki na utu wake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza: “Sawa, wanangu. Nikimfungua leo, kesho nikienda shambani atakaa na nani? Na dawa nitaipata wapi?”

Hatukuwa na jibu. Tulifunga daftari, tukaaga. Tulipopita tena baada ya wiki mbili, mlango ulikuwa umefungwa, nasi tulijua kwamba wenyewe wamo ndani.

Ndugu zangu, tulilomwambia mama yule lilikuwa kweli. Kamba si tiba, na hakuna binadamu aliyeumbwa afungwe kama mbuzi. Lakini ukweli ule haukuwa na msaada wowote nyuma yake, na kwa hiyo ukageuka kuwa mzigo mwingine juu ya mabega ya mwanamke aliyekwisha kulemewa. Tunaomba mafunzo yatakayochaguliwa safari hii yapimwe kwa swali la mama huyo, na si kwa uzuri wa ukumbi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wako wanaosema kwamba magonjwa ya akili ni ya watu wachache, au ni ya mijini. La hasha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Mengi ya matatizo hayo hayamfanyi mtu apige kelele barabarani. Mara nyingi hukaa kimya ndani ya nyumba: mtu aliyepoteza usingizi na hamu ya kula, mwenye hofu isiyomwacha, aliyezama katika pombe, mzazi aliyetoka kujifungua na akaanza kuona na kusikia yasiyokuwapo.

Nasi wa mkoa huu tunayo historia yetu. Tumepokea ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kisha wale wa mwaka 1993. Mwaka 1996 wakaja ndugu kutoka Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Wengine miongoni mwetu tu wana au wajukuu wa watu hao, na wengine tuliwapokea na kuwazika. Kule ziwani, mwaka 2024, shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Huenda uamuzi huo ni mwema kwa ziwa, lakini baba anayeishi kwa dagaa na migebuka anajua miezi 3 bila kipato inavyoonekana ndani ya nyumba. Hatusemi kwamba kila aliyepatwa na tabu ni mgonjwa wa akili. Tunasema tu kwamba tabu zinapolundikana, wapo watakaovunjika, nao ni jirani zetu.

Mafunzo ya awali yanaweza nini, na hayawezi nini

Hapa inatupasa kuwa wakweli. Mafunzo ya awali hayamfanyi mtu kuwa daktari. Huko Australia, mwaka 2000, Betty Kitchener, muuguzi ambaye mwenyewe aliwahi kuugua sonona, pamoja na mumewe, Profesa Anthony Jorm, walianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili kwa raia wa kawaida. Mafunzo hayo yameenea katika nchi nyingi. Tafiti zimeonyesha kwamba waliofundishwa huongeza maarifa na hupunguza dharau kwa wagonjwa. Lakini mapitio ya tafiti hizo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba wagonjwa wenyewe hupata nafuu kwa sababu tu jirani zao wamehudhuria mafunzo. Maana yake ni nini? Ni kwamba mafunzo humbadili aliyefunzwa. Ili faida imfikie mgonjwa, yanahitajika mambo mengine baada ya mafunzo.

Mambo hayo tunaweza kuyaona kwa jirani zetu wa Zimbabwe. Tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi na wenye msongo wa mawazo kwenye benchi karibu na zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kutafuta njia ya kutatua tatizo moja kwanza, kisha jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6 kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale hawakuwa na shahada. Lakini walikuwa na zahanati nyuma yao, walisimamiwa, na walijua mgonjwa gani wampeleke kwa mtaalamu. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyotukosa sisi.

Hata hapa Tanzania upo mfano wa zamani. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza, karibu na mwaka 1960, kuwatibu wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitengwa kwa kudhaniwa kwamba ugonjwa wao huambukiza. Dawa haikuwa ya gharama kubwa. Lililokuwa gumu ni kuhakikisha kwamba inapatikana bila kukatika, kwa kuwa dawa za kifafa zikiachwa ghafla degedege huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Hapo pana fundisho kwetu: anayemwamsha mgonjwa kutafuta dawa, naye ajue dawa hiyo itapatikana pia mwezi ujao.

Vipimo vya kuchagulia

Kwa hiyo tumeandaa vipimo 6. Tunawaomba mvitumie kwa mafunzo haya, na kwa mafunzo mengine yoyote yatakayoletwa kwetu na mfadhili yeyote.

Kwanza, lugha na mwalimu. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, na pawepo nafasi ya kuulizana kwa Kiha, kwa sababu wazee wetu wengi huyasema maumivu ya moyo kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu awe mtu aliyewahi kuwahudumia wagonjwa. Tena ni vema siku mojawapo asimame mtu aliyeugua akapata nafuu, au mama aliyemwuguza mwanawe, kama yeye mwenyewe anaridhia. Tutajifunza kwake mambo ambayo hayamo kitabuni.

Pili, mipaka. Mafunzo mema yatatufundisha kusikiliza, kutambua dalili za hatari na kumsindikiza mgonjwa. Yatatukataza kutaja jina la ugonjwa, kutoa dawa au kumwachisha mtu dawa. Yatatufundisha pia kwamba si kila aliyechanganyikiwa ghafla ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, homa baada ya kujifungua, au kushuka kwa sukari mwilini huweza kumfanya mtu aweweseke, naye akicheleweshwa kwa maombi au kwa mganga anaweza kufa. Hatusemi watu waache kusali. Tunasema wasali wakiwa njiani kuelekea zahanati.

Tatu, njia ya kumfikisha mgonjwa. Kabla ya kutia sahihi, twende sisi wenyewe kwenye zahanati, kituo cha afya, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, tuulize: Nani hupokea wagonjwa wa namna hii? Siku zipi? Dawa zipi zipo, na zikiisha tufanyeje? Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, safari ya reli ya kilomita 800 hivi. Familia maskini haiwezi kuifanya tegemeo la kwanza. Mafunzo yasiyoweza kututajia mlango wa karibu wa kubisha hodi hayajakamilika.

Nne, kuzungumza juu ya kujiua. Wengi wetu huogopa hata kulitamka neno hilo, tukidhani kwamba kumwuliza mtu ni kumtia wazo. Wataalamu wanatuambia sivyo. Kumwuliza mtu kwa upole kama amefikia kuwaza kujiua humpa nafasi ya kuutua mzigo wake. Mafunzo yatufundishe namna ya kuuliza, namna ya kutomwacha peke yake, na hata jambo dogo kama kufungia mbali sumu ya kuulia wadudu wa mazao. Anayezuiwa katika saa ile ya giza mara nyingi hubaki hai.

Tano, siri. Wafadhili hupenda picha na orodha, kwa kuwa nao wanadaiwa taarifa na waliowapa fedha. Tunaelewa. Lakini habari za afya ya mtu si mali yetu ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Idadi ya waliosaidiwa tutaitoa. Majina na picha za wagonjwa hatutazitoa. Tena habari za mgonjwa zisigeuzwe kuwa nia za kusomwa kwa sauti kwenye jumuiya bila idhini yake. Tukishindwa hapa, milango yote itafungwa kama ule wa mama yule.

Sita, yatakayofuata. Tuulize: mwalimu akishaondoka, nani atatuuliza tumefanya nini? Tukikwama tutamwendea nani? Kumtembelea mtu aliyevunjika moyo humchosha hata mtembeleaji. Mafunzo yasiyo na ufuatiliaji ni sawa na kupanda mahindi na kuhama kabla ya palizi.

Hoja ya posho

Tunajua mnayowaza. Katika Tume yetu ndugu mmoja alisema maneno ambayo hatukuweza kuyapuuza: “Mnasema posho si muhimu kwa sababu ninyi mna mishahara. Mimi nikiacha kibarua Jumamosi 6, watoto wangu watakula nini?” Amesema haki. Kudai fidia ya siku ya kazi si tamaa. Kosa ni pale posho inapokuwa ndiyo sababu ya kuchagua mafunzo, na pale wanaotumwa kila semina wanapokuwa ni walewale, wenye viatu vizuri na jamaa katika kamati, huku wanaokaa na wagonjwa usiku na mchana hawajaitwa hata mara moja.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kumwendea mfadhili kwa swali la wazi. Fedha ambazo zingelipia ukumbi na malazi mjini, je, sehemu yake haiwezi kuhamishiwa hapa? Ikiwezekana, sehemu iwe fidia ndogo kwa kibarua na mkulima atakayepoteza siku yake, na sehemu iwe nauli ya kumpeleka mgonjwa na mlezi wake hospitali. Kumwuliza mfadhili si utovu wa shukrani. Zawadi njema hukubali kuulizwa. Na akisema haiwezekani, basi tumwombe tusome masharti yote kwa maandishi, ili tujue nini kinalipiwa na nini kitabaki juu yetu.

Tunachokipendekeza

Ndugu waumini, baada ya kuyapima yote, sisi wa Tume tunaliunga mkono pendekezo la pili. Tunafanya hivyo tukijua hasara zake. Halina cheti, na kijana anayetafuta kazi angefaidika na cheti. Litatudai Jumamosi 6, na palizi haimsubiri mtu. Huenda wengine wakajitoa kati. Lakini ndilo pekee linalotuletea mtu atakayerudi, na ndilo linalofanyikia mahali ambapo wagonjwa wetu wanaishi. Kidahwe ni njia panda: barabara ya Kasulu na ile ya Uvinza hukutania hapa. Mama atokaye upande wowote anaweza kutufikia kabla hajafika mjini.

Kuhusu watu 20 watakaochaguliwa, tunaomba angalau nusu yao wawe wanawake, kwa kuwa ndio wanaouguza. Wawemo vijana, awemo mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, na wasikosekane wawili au watatu ambao wameishi na mgonjwa wa akili nyumbani mwao. Tena pasiwe na ubaguzi wa dini: jirani Mwislamu ambaye wagonjwa humwendea kwa sababu ana moyo wa kusikiliza anafaa kuliko mkristo ambaye hawezi kutunza siri.

Mama yule tulimwendea tena mwezi uliopita. Safari hii tulikwenda wawili tu, bila daftari. Tulimwomba radhi. Hakusema mengi. Kijana alikuwa bado amefungwa, amekonda, na alituangalia. Tulimwamkia kwa jina lake, naye akaitika. Tulipoaga, mama alitusindikiza hadi njiani, akauliza mafunzo hayo mapya yataanza lini, na kama yeye naye anaruhusiwa kuja.

Tumemjibu kwamba jina lake ndilo tunalopendekeza liwe la kwanza katika orodha, mkiridhia ninyi. Jibu la swali lake lile la kwanza bado tunamdai nafsi zetu. Tusichague mafunzo ambayo yatatufanya tuende kwake mara ya tatu mikono mitupu.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni familia zipi zinazobeba mzigo huu kimyakimya? (Yasitajwe majina. Kila mmoja atafakari moyoni, kisha tuzungumzie msaada unaohitajika.)

2. Mtu akichanganyikiwa usiku wa leo, tungempeleka wapi, kwa chombo gani, na kwa fedha za nani?

3. Ni maneno yapi tunayoyatumia juu ya wagonjwa wa akili ambayo tungependa kuyaacha?

4. Tukipewa nafasi 2 katika mafunzo, tungemtuma nani, na kwa nini yeye?

5. Je, tupo tayari kupokezana kukaa na mgonjwa siku moja kwa wiki, ili anayemwuguza apate kwenda shambani?